Wanaolifundisha Bati Kunusa

Wako vijana wetu waliosoma kemia au fizikia mpaka juu kabisa ya ngazi, wakapewa udaktari. Si udaktari wa sindano na vidonge. Ni ule wa elimu, anaopewa mtu aliyechunguza jambo moja kwa miaka mitatu, minne au zaidi, mpaka akaongeza ujuzi ambao haukuwapo. Wazazi kijijini wanangoja kusikia kwamba mtoto sasa atafundisha chuo kikuu, au amepewa meza serikalini. Badala yake anapiga simu kueleza kwamba amepata nafasi ya utafiti katika kiwanda cha ng'ambo, kwa muda wa miaka miwili tu, na kazi yenyewe ni kutengeneza vihisi vya gesi.

Mzee akisikia hivyo huguna. Ada yote ile, mbuzi wote wale waliouzwa, kisha kiwandani? Tena kwa miaka miwili? Na kihisi cha gesi ni mdudu gani?

Manung'uniko hayo yana haki yake. Lakini kabla ya kumwambia mtoto arudi nyumbani, yafaa kuijua kazi anayoiendea, kwa maana hatari anayokwenda kupambana nayo iko jikoni mwako wewe mwenyewe.

Fikiri jiko la mkaa. Jioni ya baridi huko Njombe au Lushoto, mama amekwisha kupika. Mkaa bado mwekundu, moshi umekwisha, hakuna harufu. Watoto wanatetemeka. Jiko linaingizwa chumbani, mlango unafungwa, watu wanalala. Mkaa ule usipopata hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu, wala haiwashi koo. Ukiivuta, damu yako huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, na hivyo mwili hunyimwa pumzi huku kifua kikipanda na kushuka kama kawaida. Kichwa huuma, magoti hulegea, usingizi huzidi. Wengi wameondoka duniani hivyo, na asubuhi majirani wakatafuta mchawi.

Gesi ya mtungi ina tabia nyingine. Yenyewe haina harufu ya kumwamsha mtu. Ule uvundo unaousikia umetiwa makusudi. Sababu ya desturi hiyo ni ya kusikitisha. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji wa New London, jimbo la Texas huko Marekani, gesi ilivuja chini ya sakafu ya shule bila mtu kuisikia, ikalipuka, wakafa watoto na walimu karibu 300. Baada ya msiba huo ndipo sheria zikaagiza gesi itiwe kitu kinachonuka. Tena gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka, hutambaa sakafuni na kujikusanya pembeni kama maji. Ikifika kiasi cha sehemu 2 tu katika 100 za hewa, cheche moja ya swichi yatosha.

Watu wa upande wa Goma, kandokando ya Ziwa Kivu, wanaijua gesi nyingine inayotambaa hivyo, itokayo ardhini penye milima ya moto. Wao huiita mazuku. Ni hewa ya kaboni, ile ile tunayoitoa mapafuni, lakini imejaa bondeni hata mbuzi akishuka kula majani hapandi tena. Wataalamu wa volkeno duniani wamelichukua neno hilo la Kiswahili, wanaliandika katika vitabu vyao hivyo hivyo: mazuku.

Basi pua ya binadamu haitoshi. Aliyelala hasikii harufu, mwenye mafua hasikii, na gesi nyingine hazina harufu hata kidogo. Inatakiwa pua isiyolala. Waingereza kwanza waliipata kwa ndege. Katika miaka ya 1890 mtaalamu John Scott Haldane, baada ya kuchunguza miili ya wachimba makaa ya mawe waliokufa migodini, alishauri wachukue shimoni mnyama mdogo aliye mwepesi kuzimia. Wakachukua kanari, kindege cha manjano, katika tundu. Kindege kikianguka, watu wanajua wana dakika chache za kutoka. Usicheke, msomaji, ndege hao walikaa kazini muda mrefu, na ilikuwa mwaka 1986 serikali ya Uingereza ilipotangaza kwamba zaidi ya 200 waliobaki wataondolewa, nafasi yao ishikwe na vyombo vya umeme.

Vyombo hivyo vilitoka wapi? Hapa ndipo ilipo habari yenyewe.

Mwaka 1953 wataalamu wawili wa Marekani, Walter Brattain na John Bardeen, walitangaza kwamba uso wa kipande cha germani, madini fulani yanayopitisha umeme kwa shida, hubadili tabia yake ya umeme kwa kadiri ya hewa inayouzunguka. Lilikuwa jambo la maabara, nalo likabaki maabara. Kisha mwaka 1962, huko Japani, Profesa Tetsuro Seiyama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu waliandika kwamba utando mwembamba wa zinki iliyoshikana na oksijeni, ukipashwa moto, waweza kuzitambua gesi. Mwaka huo huo, nchini humo humo, mtu mwingine jina lake Naoyoshi Taguchi aliomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kwa kihisi cha namna hiyo kilichotengenezwa kwa bati.

Nikisema bati usitazame juu ya paa lako. Nasema yale madini laini meupe yanayopakwa makopo. Na unga anaoutumia mtengeneza vihisi, oksidi ya bati, ni bati na oksijeni vilivyoshikana kwa kipimo kile kile kilicho katika jiwe zito jeusi la kasiteriti linalochimbwa Kyerwa mkoani Kagera, na Rwanda, na mashariki ya Kongo. Sisi twalichimba na kulipeleka. Wenzetu wakilisafisha hufanya pua.

Namna inavyofanya kazi si ngumu kueleza. Unga ule hupashwa moto wa digrii 300 au 400. Oksijeni ya hewani hujibandika juu ya chembe zake na kunyang'anya elektroni, vile vijidudu vinavyobeba umeme. Umeme sasa hupita kwa taabu, kama watu wanaovuka daraja lenye walinzi wakali. Ikija gesi inayowaka, huungana na ile oksijeni na kuibandua. Walinzi wameondoka, elektroni zimerudi, umeme unapita kwa wingi. Chombo kikiona umeme umezidi, hupiga kelele.

Sasa angalia tarehe. Ujuzi ulipatikana mwaka 1962. Vihisi vya Taguchi vilianza kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa mwaka 1968, na kampuni yake, Figaro, ikaundwa mwaka 1969 huko Osaka. Katika miaka hiyo nyumba nyingi za Japani zilikuwa zinaacha kuni na mkaa na kuingiza mitungi ya gesi, kama sisi sasa, na milipuko ya majumbani ilikuwa hofu ya kila siku. Tena hata baada ya vihisi kupatikana, msiba haukukoma mara moja: tarehe 16 Agosti 1980 gesi ililipuka katika maduka ya chini ya ardhi mjini Shizuoka, wakafa watu 15 na zaidi ya 200 wakaumia.

Kati ya 1962 na 1968 ni miaka sita. Aliyeandika makala alikuwa amekwisha kujua. Aliyelala jikoni kwake alikuwa bado hana kitu. Nafasi anayopewa daktari kijana kiwandani iko hapo hapo, katika ile miaka sita, nayo ndiyo sehemu ya kazi isiyo na sifa. Profesa hapendi kukaa hapo, kwa maana jambo limekwisha kuvumbuliwa na halimpi jina jipya. Fundi wa kawaida hawezi, kwa maana bado hajui kwa nini kitu kinaharibika. Anahitajika mtu mwenye elimu ya yule wa kwanza na uvumilivu wa huyu wa pili.

Tumtazame basi kazini. Asubuhi anachanganya unga wake na kuutia chembechembe za paladi, madini ya thamani yanayousaidia kuishika gesi upesi. Anaupaka juu ya kibao kidogo kuliko punje ya mchele, chini yake pana waya wa kuupasha moto. Anakifungia katika sanduku la kioo, anaingiza gesi kwa kipimo, anaandika. Kimefanya vizuri! Siku ya pili anaingiza kiasi kile kile, na jibu ni jingine. Kwa nini? Jana hewa ilikuwa kavu, leo ina unyevu. Mvuke wa maji nao hugusa uso wa bati na kumdanganya mpimaji. Kihisi kilichosifiwa katika chumba kikavu cha Ulaya kikiletwa Tanga wakati wa masika chaweza kulia usiku kucha bila sababu, au, jambo baya zaidi, kunyamaza.

Siku nyingine anagundua kwamba pua yake haichagui. Amekusudia ishike gesi ya mtungi. Kumbe mtu akifungua chupa ya pombe karibu nayo, inalia. (Kwa kweli vihisi vya jamaa hii hutumika pia katika vyombo vya kupima pumzi ya madereva walevi, hasara ya mmoja imekuwa faida ya mwingine.) Mafuta ya kukaangia mandazi nayo huitikisa. Wako wanaoona haya ni mambo madogo, lakini wewe mama wa nyumba unajua litakalotokea: chombo kikilia mara tatu bure, mara ya nne baba atakichomoa ukutani na kukitia kabatini. Tangu hapo nyumba haina ulinzi, ingawa fedha zimelipwa. Kwa hiyo mtafiti anaweka chujio la mkaa mbele ya kihisi kuzuia mvuke wa pombe, anabadili joto, anajaribu tena, miezi inapita.

Halafu kuna sumu. Mvuke wa vitu vyenye silikoni, kama gundi za kuzibia madirisha na baadhi ya mafuta ya nywele, ukiufikia uso wa bati huacha ganda jembamba, na pua ikaziba. Chombo kinawaka taa ya kijani, kinaonekana kizima, kumbe kimekufa. Hili ndilo humnyima usingizi mtengenezaji mwaminifu. Tena kihisi huzeeka hata bila sumu. Vingi vya nyumbani vimeandikwa mwisho wake, kati ya miaka 5 na 10. Atajuaje leo kama chombo chake kitakuwa hai mwaka wa saba? Hawezi kungoja miaka saba. Huvitia mia moja katika tanuri lenye joto na unyevu mwingi ili vizeeke upesi, kisha huhesabu vilivyobaki.

Juu ya yote hayo iko sheria. Katika nchi za Ulaya kengele ya monoksidi ya kaboni ina kipimo kilichoandikwa: gesi ikiwa sehemu 50 katika milioni ya hewa, ilie baada ya dakika 60 lakini kabla ya 90, ikifika 100, ilie kati ya dakika 10 na 40, ikifika 300, isipite dakika 3. Ikiwahi kulia ni kosa, ikichelewa ni kosa. Mvumbuzi aweza kuwa na akili kama Suleimani, asipofikisha kipimo hicho haruhusiwi kuuza. (Kengele nyingi za gesi hiyo, niongeze, hazitumii bati siku hizi, hutumia kiseli kidogo chenye maji ya asidi, jamaa wa betri. Na ile hewa ya mazuku hupimwa kwa mwanga usioonekana kwa macho. Mtafiti wa vihisi hana budi kuzijua njia zote tatu.)

Hayo yatuhusu nini sisi? Mwezi wa Mei 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mpango wake wa nishati safi ya kupikia, nao unataka ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapika bila kuni na mkaa wa kawaida. Mitungi imefika vijijini, nayo itazidi. Mimi nafurahi kuona mama akipumzika na moshi. Lakini mtungi umekuja bila pua yake. Kihisi cha zamani cha namna ya Taguchi kilikula umeme karibu wati moja mchana na usiku, mzigo mzito kwa nyumba yenye paneli ndogo ya jua. Siku hizi watafiti huchonga kijiko cha moto kisichoonekana vizuri kwa macho, kinachotumia sehemu ndogo sana ya umeme huo, hata betri ikatosha. Anayefanya kazi hiyo ng'ambo kwa kawaida hafikiri habari ya nyumba ya udongo yenye dirisha moja, wala chumvi ya hewa ya pwani, wala vumbi la Dodoma. Hajaviona. Kijana wako ameviona. Akiwa katika chumba kile anaweza kusema: jaribuni na hivi pia.

Sasa nimgeukie kijana mwenyewe, na wazazi wasikilize. Kabla ya kutia sahihi mkataba wa namna hii, yako mambo ya kuuliza wazi.

La kwanza ni uvumbuzi kuwa mali ya nani. Mara nyingi utakachokigundua katika saa za kampuni ni cha kampuni. Jina lako litaandikwa katika hataza kama mvumbuzi, lakini fedha ni zao, na hataza kwa kawaida huzuia wengine kwa miaka 20. Hilo si wizi, maana wamekulipa mshahara na wamenunua mashine. Lakini ulijue mapema. Kisha uliza kama utaruhusiwa kutangaza kazi yako katika majarida ya elimu, na baada ya muda gani. Daktari kijana asiyeandika kitu kwa miaka miwili akirudi kuomba kazi ya chuo kikuu ataulizwa alikuwa amelala wapi. Kampuni nzuri husema: ngoja tuandikishe hataza kwanza, kisha andika. Isiyosema lolote, iandikie barua kuuliza.

Tena tazama kama mkataba unakukataza kufanya kazi ya namna hiyo kwingine baada ya kuondoka. Kifungo cha miezi sita ni kimoja; kifungo cha miaka mingi katika nchi zote ni kingine kabisa, maana ndicho kitakachokuzuia kuanzisha karakana yako Arusha au Kisumu. Kuhusu ule muda mfupi wa miaka miwili, wazazi wasiogope. Ndiyo desturi ya kazi hizi kila mahali. Ni kama fundi aliyehitimu kukaa kwanza na fundi mkuu. Kiwandani mshahara mara nyingi hupita ule wa chuo, na wengi huajiriwa moja kwa moja wakionekana wanafaa. Wengine hawaajiriwi. Mzazi aliyekwisha kuhesabu nyumba ya matofali kwa mshahara wa mwaka wa kwanza na angoje kidogo.

Na liko jambo la matapeli. Hakuna kampuni ya kweli wala mfuko wa kweli unaomtoza mtafiti fedha ili apewe kazi. Mtu akikwambia utume ada ya fomu, ya bima au ya viza kwa simu yake mwenyewe, huyo hana kihisi wala gesi. Anataka ng'ombe wa baba yako.

Nafasi za kweli hutangazwa waziwazi. Viwanda huzitangaza vyenyewe, na iko mifuko inayolipia. Mmojawapo ni ule wa Umoja wa Ulaya ulioitwa kwa jina la Marie Skłodowska-Curie, yule mama wa Kipolandi aliyepata tuzo ya Nobel mara mbili, mwaka 1903 na mwaka 1911. Wenye udaktari wa taifa lolote waweza kuomba, nao hulipiwa mwaka mmoja hadi miwili katika nchi za Ulaya, ama chuoni ama katika kampuni. Mwombaji awe hajaishi wala kufanya kazi katika nchi anayoiendea zaidi ya miezi 12 ndani ya miaka mitatu iliyotangulia, sharti ambalo kijana anayetoka kwetu hulitimiza bila taabu. Maombi hupokewa mara moja kwa mwaka, na mlango hufungwa kwa kawaida mwezi wa Septemba. Lakini huwezi kuomba peke yako: lazima upate kwanza mwenyeji, yaani chuo au kampuni itakayokubali kukupokea na kuandika maombi pamoja nawe. Barua za kumtafuta mwenyeji huyo ziandikwe mwezi wa Februari au Machi, na katika kila barua ueleze kwa kurasa mbili tu ni gesi gani unataka kuipima, kwa njia gani, na unyevu wa pwani utaufanyaje.